Mpika Sumu wa Mkanyageni

Majirani wa Mkanyageni walimwita Maisara mpika sumu, na hawakuwa na nia mbaya. Jina lilianzia kwenye karamu ya arusi, pale mama mmoja alipomuuliza kama ni kweli kwamba anafanya kazi ya buibui. Maisara akasema ndiyo. Yule mama akafurahi, akataka kujua anashona kwa kitambaa gani na kama nakshi za mikononi anazitia mwenyewe. Ikabidi aelezwe kwamba si buibui la kuvaa, ni yule mdudu wa miguu minane anayejificha kwenye pembe za nyumba, na kwamba Maisara hutengeneza sumu yake katika maabara ya chuo, kule karibu na Buxton, Mombasa.

Wanawake waliokuwa wamezunguka sinia wakasita na tonge mkononi.

"Wapika sumu, Maisara?" mmoja akauliza.

"Kidogo tu," akajibu, maana alikuwa amechoka na hakutaka maelezo marefu mbele ya biriani. Jina likamganda tangu siku hiyo.

Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliolewa mapema na kuachika mapema. Sasa aliishi orofani katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao, yeye na mdogo wake Taib. Akishaswali alfajiri humpikia Taib chai, humwekea mahamri karibu na redio, humfungulia madirisha ya upande wa barabara, kisha huteremka ngazi na kwenda kazini. Jioni hupanda ngazi zile zile akiwa na samaki au mboga, na Taib huwa amekaa pale pale alipomwacha.

Taib hakuwa mtu wa kukaa hapo zamani. Alikuwa karani katika godauni moja Shimanzi, karibu na bandari, kazi yake kuhesabu magunia yakiingia na kutoka, na alikuwa na sauti ya kusikika hata lori likinguruma. Siku moja yeye na kuli mmoja, Crispus, Mtaita waliyezoeana sana, walihamisha magunia yaliyokuwa yamekaa muda mrefu nyuma kabisa ya godauni. Taib alihisi kitu kama mchomo wa sindano juu ya kifundo cha mguu. Hakujali. Alipovua soksi, Crispus akaikung'uta, na buibui mdogo wa rangi ya kahawia akaanguka sakafuni, miguu yake mirefu imekunjamana.

Crispus alifanya alivyofundishwa kwao. Alimfunga mguu kwa kamba chini ya goti, akakaza, akachanja pale palipoumwa kwa wembe, akakamua damu. Alifanya kwa nia safi na kwa haraka, huku akimtuliza mwenzake. Kesho yake pale mahali palikuwa peupe katikati na pa zambarau pembezoni. Kisha pakawa peusi. Mkojo wa Taib ukageuka rangi ya kahawa tupu. Hospitali ya kwanza walisema ni jipu, ya pili wakasema huenda ni kisukari. Kidonda kilikuwa kinakula nyama kama moto unaotambaa kwenye makuti, kikaingia uchafu, na mwishowe madaktari wakaukata mguu chini ya goti ili wamuokoe yeye.

Crispus alipokwenda kumtazama wodini, Taib alimwambia, "Kamba yako ndiyo iliyoua mguu wangu. Usije kwetu tena."

Crispus hakuja tena. Lakini kila alipokutana na Maisara njiani alimpa salamu za kumpelekea Taib. Mwanzo Maisara alizifikisha. Alipoona kwamba kila salamu humnyima Taib chakula cha usiku, akawa anazipokea na kunyamaza nazo.

Kwa hivyo Profesa Ishaq, mkuu wa maabara, alipotangaza utafiti mdogo wa sumu ya buibui wa aina ile, Maisara alikuwa wa kwanza kuomba kuingia. Profesa alijua habari za Taib. Alimuuliza tu, "Utaweza kuitazama kila siku?" Maisara akasema ataweza. Hakujua kwamba kitakachomchosha si kuitazama sumu. Kitakachomchosha ni kuitafuta na kuikosa.

Buibui yule ni mdogo mno. Ukimkamua hutoa tone ambalo jicho halilioni sawasawa, na ungehitaji maelfu yao ili upate sumu ya kufanyia kazi ya maana. Kwa hivyo watafiti hupita njia nyingine. Huchukua ile jeni ya buibui yenye maagizo ya kutengeneza sumu moja, wakaipandikiza ndani ya bakteria. Bakteria hulishwa supu katika chupa, hutikiswa kwa mashine ili wapate hewa, nao huyafuata yale maagizo bila kujua ni ya nani. Baadaye hupasuliwa, na sumu huchujwa kutoka katika uchafu wao. Hakuna buibui anayehitajika tena.

Maisara alikuwa na mwenzake mmoja katika kazi hiyo, Wanza, msichana wa Kikamba aliyekuja Mombasa kusoma akabaki. Wanza aliimba akifanya kazi, nyimbo za kanisani, kwa sauti ndogo. Mwaka wa kwanza waliimba wote wawili, kila mmoja zake. Mwaka wa pili Wanza aliimba peke yake. Wa tatu hakuna aliyeimba.

Bakteria walitengeneza sumu, naam, lakini iliganda ndani yao mabonge mabonge, kama uji uliopikwa kwa moto mkali. Ilibidi wajifunze kuwapoza, kuwalisha polepole, kuwasubiri. Mara stima hupotea na joto la Mombasa huingia mpaka ndani ya mashine, na kila kitu humwagwa. Walipoipata sumu safi hatimaye, nyeupe kama maji, Profesa aliwaletea haluwa. Furaha hiyo haikudumu. Kila walipoitia sumu kwenye chembe nyekundu za damu, ili waone kama zitapasuka jinsi zilivyopasuka za Taib hata mkojo wake ukawa mweusi, hapakutokea kitu. Chembe zilizama chini ya mrija zikatulia, nzima, kama zimelala usingizi.

Walirudia. Walibadilisha hiki na kile wakarudia. Maisara akawa hahisi tena hata kukata tamaa. Alikuwa anaosha mirija, anajaza, anasubiri, anatazama, anaandika kwamba hakuna kitu, anaosha.

"Nadhani umbo lake bado si sawa," Profesa Ishaq alisema asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni na miwani mkononi. "Tumeitengeneza, lakini imetoka maiti. Bi Maisara, mwisho wa mwezi huu tufunge. Si kosa lenu. Mmefanya kazi ya watu kumi."

"Sawa, Profesa," Maisara akasema. Alishangaa jinsi neno lile lilivyotoka rahisi.

Walibakisha jaribio moja kwa sababu sumu ilikuwa imeshatayarishwa, na kuitupa bila kuijaribu kungekuwa uvivu. Kila mara walipojaribu walikuwa wakitia pia majimaji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda. Waliyatoa kwenye friza, ambako yalikaa tangu mwanzo wa utafiti. Siku hiyo Wanza alifungua friza akakuta yamekwisha.

"Tuyaache?" akauliza.

"Nitoe damu mimi," Maisara akasema, akakunja mkono wa gauni.

"Bi Maisara, wewe hujala tangu asubuhi."

"Nitakula baadaye. Ruhusa tunayo, sindano iko. Toa."

Wanza akamtoa damu, akaisubiri igande, akayachukua majimaji yake yakiwa mabichi. Wakapanga mirija. Mmoja una chembe nyekundu na majimaji, bila sumu. Mwingine una vyote. Wakaiweka penye joto kama la mwili, na Maisara akaenda dirishani akakaa kwenye kiti kirefu, kichwa amekiegemeza ukutani. Nje wanafunzi walikuwa wakicheka. Alifikiri kuhusu kazi gani ataomba baada ya mwisho wa mwezi, na akaona hana hamu ya yoyote.

"Bi Maisara." Sauti ya Wanza ilikuwa ya ajabu. "Hebu njoo uone."

Mrija usio na sumu ulikuwa kama siku zote, chembe zimekaa chini, maji juu. Mrija wa pili haukuwa na kitu chini. Ulikuwa mwekundu wote kutoka juu hadi chini, mwangavu kama sharbati ya komamanga. Chembe zote zilikuwa zimepasuka.

"Umeiosha vizuri hii mirija?" Maisara akauliza.

"Nimeiosha mwenyewe."

"Rudia."

Wakarudia, na ikawa vile vile. Maisara akayachukua majimaji yake mengine akayapasha moto, kiasi cha kuwaua walinzi wa mwili waliomo ndani yake, zile protini za kinga, kisha akayatia pamoja na sumu. Chembe hazikupasuka. Akatia sumu peke yake, bila majimaji. Hazikupasuka pia. Hapo ndipo akili yake, iliyokuwa imelala kwa miezi, iliposimama. Yale majimaji ya frizani yaliyoganda na kuyeyuka kila stima ilipopotea yalikuwa yamekufa zamani. Sumu ilikuwa hai muda wote. Lakini sumu ile haipasui kitu kwa mkono wake. Huivua chembe ile nguo inayoitambulisha kuwa ni mwenyeji, na walinzi wa mwili wakiiona i uchi huidhani mgeni, wakaiua. Wakishaanza hawaachi.

Profesa Ishaq alikuja, akainua mirija kwenye mwanga mmoja mmoja. "Alhamdulillahi," akasema taratibu. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, "Rudieni tena kesho, kwa damu ya mtu mwingine."

Wanza alilia na kucheka. Maisara alingoja furaha ije, na haikuja. Alijihisi kama mtu aliyesukuma mlango miaka mingi, halafu mlango ukafunguka ghafla akaanguka ndani. Alichowaza ni kwamba lazima amwambie Taib, na kwamba hajui atamwambiaje.

Alifika nyumbani baada ya alasiri. Taib alikuwa akisikiliza habari, gongo lake limelala miguuni mwa kiti.

"Sumu imefanya kazi," Maisara akasema.

Taib akapunguza redio. "Mabruki, dada. Sasa wapumzika?"

"Si kama tulivyodhani lakini." Akakaa mkabala naye, bado na mkoba begani, akamweleza yote, polepole, kuhusu nguo za chembe na walinzi. Taib alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, barabarani muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, na wote wawili wakangoja sauti ile ipotee.

"Kwa hivyo aliyenila ni mimi," Taib akasema.

"Si wewe. Ni kinga ya mwili wako."

"Kinga yangu ni ya nani, ya jirani?"

Taib akageuza uso dirishani. Shingo yake ilikuwa imekonda, na kwa mara ya kwanza dada yake aliona mvi nyuma ya sikio.

"Na ile kamba?" akauliza bila kugeuka. "Ile kamba ya Crispus na wembe wake?"

Hapo Maisara alitamani sana kusema uongo. Neno moja tu lingetosha: haikufanya kitu. Lingeleta amani ndani ya nyumba ile, na alikuwa na njaa ya amani. Lakini alikuwa ameandika "hakuna kitu" mara nyingi mno, siku baada ya siku, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli, na sasa hakuweza kuligeuza neno hilo.

"Sijui, Taib. Kamba na wembe havikukusaidia, hilo najua. Huenda vilidhuru. Lakini mkojo wako uligeuka mweusi siku zile, wakumbuka? Kamba ya mguuni haigeuzi mkojo. Ile ilikuwa sumu na damu yako, mwili mzima. Kamba ingekuwepo isingekuwepo, wewe ungeugua."

Maisara akauteremsha mkoba begani. Akainuka kwenda jikoni.

"Nataka kuiona," Taib akasema.

"Kuona nini?"

"Hiyo damu ikifanya hivyo. Si yako. Yangu."

Hakuwa ameteremka ngazi zile kwa muda mrefu, ila kwenda hospitali. Asubuhi waliyokwenda aliteremka kwa makalio, daraja baada ya daraja, Maisara mbele yake akiwa na gongo na mguu wa bandia ambao Taib hakupenda kuuvaa. Majirani walitoka barazani. Hakuna aliyesema neno la mzaha. Mzee mmoja akasimamisha tuktuk, akaishika mpaka Taib akaingia.

Maabarani, Profesa Ishaq alikuja kumwamkia, akamweleza jaribio lenyewe na kumuuliza kama kweli anaridhia, kisha akawaachia chumba. Wanza alimkalisha karibu na meza, akamfunga mkono, akatafuta mshipa.

"Pole, kaka. Yachoma kidogo."

"Nimeshazoea kuchomwa," Taib akasema, na Wanza hakujua acheke au asicheke.

Wakangoja. Taib aliyazungusha macho chumbani, akatazama mashine inayotikisa chupa. "Miaka yote hii wakuja hapa?"

"Kila siku."

"Mimi nilidhani mna chumba kikubwa."

Wanza aliileta mirija miwili, akaisimamisha mbele yake. Mmoja ulikuwa umetulia. Wa pili ulikuwa mwekundu wote, mwangavu. Taib aliusogeza uso karibu, akaukazia macho.

"Damu yadhani imeona nini pale?"

"Adui," Maisara akasema.

"Na adui hayupo."

"Yupo. Ila si yule inayempiga."

Taib akaushika mrija kwa vidole viwili. "Inapigana kweli," akasema. "Masikini. Inapigana kwa nguvu zote." Kisha akauweka chini, akafunika macho kwa kiganja, na mabega yakamtikisika bila sauti. Maisara alisimama nyuma yake. Aliweka mkono juu ya kofia yake na kuuacha hapo.

Juma lililofuata Taib aliomba nambari ya simu ya Crispus. Maisara alimpa, akamwambia pia kuhusu salamu zote ambazo hakumfikishia. Taib akasema, "Ulifanya vyema. Ningezitupa."

Crispus alikuja Jumapili baada ya kanisa, amevaa shati lililopigwa pasi, amebeba mfuko wa maembe na machungwa. Alikuwa amezeeka. Alisimama kwenye mlango wa juu akihema kwa sababu ya ngazi, akashindwa kuingia.

"Karibu, Crispus," Taib akasema. "Karibu ndani, mbona wasimama?"

"Hujambo, Bwana Taib."

"Sijambo. Keti."

Akaketi kwenye ukingo wa kiti, mfuko bado mapajani. Taib akamweleza habari ya sumu, kwa maneno ya dada yake, na mahali pengine akakosea, na Maisara kutoka jikoni hakumsahihisha. Crispus alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Nilidhani ni mimi," akasema mwishoni. "Kila nikifunga kamba ya mzigo nakumbuka. Niliacha kazi ya godauni kwa sababu hiyo."

"Mimi pia nilidhani ni wewe." Taib akatupa jicho jikoni. "Na huenda kidogo ikawa ni wewe. Dada yangu hataki kuniambia uongo."

Crispus akainua macho. Akaona uso wa Taib una tabasamu, akacheka, cheko la kukwaruza lililomalizikia katika kujifuta machozi kwa kiganja. Maisara akaleta chai na kaimati, akawaacha. Akiwa jikoni alisikia wanaulizana fulani yuko wapi siku hizi, na yule msimamizi mkali amekufa lini, na sauti ya Taib ilikuwa imepanda kidogo, kama ya mtu anayeshindana na lori.

Hayo yote hayakurudisha mguu. Taib bado ana siku ambazo hataki kuzungumza na mtu, na Crispus hujua, hukaa naye tu, kisha huenda zake. Maabara haikufungwa. Profesa Ishaq amepata idhini ya kuendelea, na swali sasa ni jingine: kama kuna njia ya kuizuia sumu ile mapema, kabla walinzi hawajaanza kuua wenyeji. Wanza anadhani iko. Maisara anadhani huenda iko, na kwamba huenda asiione yeye.

Juzi alimwambia Profesa kwamba anaomba likizo, ya kwanza tangu utafiti uanze. Profesa alimuuliza atakwenda wapi. Maisara alifikiri, akagundua kwamba hakuna mahali anapotaka kwenda.

"Nitakaa nyumbani," akasema. "Taib ameniambia atapika yeye."